Jiko Jipya Bila Riba: Pima Ukuta, Pima Mfuko, Muulize Mpishi



Ndugu msomaji, ukatibu wa kamati ya msikiti humzoesha mtu mambo mawili: kuandika kila linaloamuliwa, na kuhesabu kila shilingi kabla haijatoka. Nilidhani mazoea hayo yangetosha kuniwezesha kutengeneza jiko la nyumbani kwangu bila kukosea. Nilikosea mara mbili, na kosa la kwanza nililifanya kabla sijashika futi.

Nyumba yetu iko Mbagala, jijini Dar es Salaam. Jiko lake lilikuwa chumba kitupu chenye meza moja ya mbao, sinki lililoegemezwa juu ya tofali, na kabati kuukuu ambalo mende walilitawala usiku. Mke wangu alikuwa akikata vitunguu juu ya kigoda na kuinama kuokota sufuria sakafuni. Mama yangu, anayeishi nasi, anaumwa magoti. Kila alipotaka kumsaidia mkamwanawe ilimbidi ashike ukuta ili ainuke. Ilipoingia Rajab niliazimia kwamba Ramadhani haitawakuta katika hali ile.

Niliketi usiku mmoja na daftari langu nikaandika bajeti nzima. Akiba yangu ilikuwa shilingi 1,300,000. Mke wangu alikuwa anakaribia zamu yake ya upatu, shilingi 600,000. Nikajumlisha: 1,900,000. Asubuhi nikamwonyesha kwa fahari. Aliisoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akanirudishia.

"Baba watoto," alisema, "umeniandika kwenye mapato, lakini kwenye kikao hukuniita."

Sikuwa na jibu. Chuoni nilisoma babu zima la nafaka ya mke, na mtihani wake nilifaulu. Nilijua kwamba makazi na vitu vya lazima vya nyumba ni jukumu la mume. Nilijua pia kwamba mali ya mke ni yake, na kwamba hata mahari, kwa mujibu wa Suratun Nisaa aya ya 4, mume hana ruhusa ya kula chochote ndani yake isipokuwa mke akimwachia kwa ridhaa ya nafsi yake. Haya yote nilikuwa nikiwafundisha vijana wa darasa la ndoa. Nyumbani kwangu nikayasahau kwa sababu ya kabati.

Fedha ile ya upatu ilikuwa na kazi yake. Alikusudia kuongeza mtaji wa biashara yake ya mitandio. Tulizungumza kwa utulivu, mama akiwepo, na mwisho mke wangu akasema atatoa 300,000 kwa hiari yake, iwe zawadi, wala asidaiwe wala asidai. Nyingine ibaki kwenye mtaji wake. Nikamkumbusha hadithi ya Zainab, mke wa Ibn Mas'ud (r.a.), aliyetaka kujua kama sadaka yake inafaa kwa mumewe, akafahamishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba anayo malipo mawili: ya sadaka na ya kuunga udugu. Akatabasamu, akasema: "Sasa andika. Lakini andika na neno zawadi."

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nyumba nyingi huanza ukarabati kwa kutazama picha za majiko kwenye simu, na fedha ya nani itatumika hudhaniwa inajulikana. Ugomvi wa mwaka mzima hupandwa hapo. Mke akichangia, isemwe wazi: ni zawadi, ni mkopo, au ni ubia? Kama ni mkopo uandikwe, kwani Suratul Baqara aya ya 282 imeagiza deni la muda maalumu liandikwe, wala haikuwatoa mume na mke katika hukumu hiyo.

Mkopo nilioukataa

Bajeti ilipopungua kutoka 1,900,000 hadi 1,600,000, rafiki yangu alinipa ushauri wa haraka. Alinitajia wakopeshaji wa mtaani wanaotoa fedha siku hiyo hiyo: unachukua milioni moja, unarejesha milioni moja na laki tatu kwa miezi michache. Watu wenyewe wameipa mikopo ya aina hiyo jina la kausha damu, na jina hilo linatosha kuieleza.

Riba ni haramu, na sina haja ya kulirefusha hilo kwa msomaji wa gazeti hili. Lakini nataka kuisema hatari yake kwa lugha ya jikoni. Laki tatu za ziada ni zaidi ya bei ya makabati mawili ya chini ambayo hutayaona kamwe ndani ya nyumba yako. Na marejesho yatatoka wapi? Yatatoka kwenye mchele na mafuta. Utakuwa na jiko zuri lisilo na cha kupika.

Wapo wauzaji wanaokubali kulipwa kwa awamu. Wanachuoni wengi wameruhusu biashara hiyo hata kama bei ya awamu ni kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba mnunuzi na muuzaji waagane kwenye bei moja iliyo wazi kabla hawajaachana, na deni lisiongezeke kwa kuchelewa. Kama mkataba una kipengele cha faini inayokua kila mwezi, urudishe. Sisi tuliona bora zaidi kujenga kwa tulichonacho. Suratut Talaq aya ya 7 inamtaka mwenye wasaa atoe kulingana na wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa na Allah (s.w.). Nilipoisoma safari hii niliiona kuwa ni aya ya bajeti.

Kwa nini makabati ya kuunganisha

Zipo njia tatu za kupata makabati ya jikoni. Ya kwanza ni kumwita seremala aje apime na kutengeneza kila kitu, kama wafanyavyo mafundi wengi wa Keko. Ya pili ni kununua mbao za MDF, zile za futi 8 kwa 4, ukakatiwa dukani kwa mashine kwa vipimo vyako. Ya tatu ni kununua makabati ya kuunganisha: yanakuja yakiwa vipande ndani ya maboksi bapa, pamoja na bawaba, skrubu na karatasi ya maelekezo, nawe unayaunganisha nyumbani.

Fikra ya kuuza samani zikiwa vipande inasimuliwa zaidi kwa kampuni ya IKEA ya Sweden. Mwaka 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, aliing'oa miguu ya meza ili iingie ndani ya gari, na kampuni ikaifanya njia hiyo kuwa biashara. Faida yake ni nyepesi kufahamika: boksi bapa halibebi hewa, hivyo gharama ya usafiri hupungua, na ujira wa kuunganisha unabaki mkononi mwako.

Hasara yake pia isifichwe. Vipimo vya makabati haya vimeshapangwa kiwandani. Upana wake huwa wa sentimita 30, 40, 60 au 80, na kina cha makabati ya chini huwa karibu 60. Seremala hulifuata jiko lako. Boksi hulitaka jiko lako lilifuate. Mwenye ukuta uliopinda sana, au chumba chenye pembe nyingi, huenda seremala akamfaa zaidi hata kwa bei ya juu. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja ulionyooka, au hivyo ndivyo nilivyoamini, tukachagua maboksi.

Mpime mpishi kabla ya ukuta

Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Upana wake ulikuwa karibu mita 1.9 na urefu mita 3.4. Alihesabu hatua anazopiga mpishi na kuyatazama majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambako mpishi hufikia kila kitu bila kutembea. Majiko kiasi cha 10,000 ya namna ile yalijengwa, na makabati ya leo yanayopangwa mstari mmoja chini ya kaunta moja ni wajukuu zake. Aliyeusimamia mpango ule wa nyumba, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934, kisha akafanya kazi ya usanifu nchini Kenya. Oceanic Hotel ya Mombasa ilikuwa kazi yake. Lakini bibi yule mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipolibuni jiko lile hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba. Jiko lilikuwa zuri kwa hesabu, na baadhi ya waliolitumia wakalalamika kwamba limewafungia peke yao.

Mimi pia sikuwa mpishi. Basi safari hii niliketi sebuleni na daftari, nikauliza: "Siku ya kawaida unaanzia wapi?" Majibu yaliyotoka hayakuwemo katika picha yoyote niliyoiona.

Mke wangu alisema maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo pipa la maji lazima liwe karibu na sinki, na mahali pake pasizibwe na kabati. Alisema chapati husukumwa kwa nguvu za mabega, hivyo kaunta ikiwa juu sana mikono humuuma. Mama alisema hatasimama kukuna nazi. Mbuzi yake ibaki chini, karibu na mlango wa nyuma penye upepo na mwanga, na yeye apate kiti kirefu cha kukalia anapochambua mchele kwenye kaunta. Binti yetu wa miaka tisa alisema vikombe viwekwe anapofikia.

Kutokana na maneno hayo tulipata vipimo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuiweka kaunta sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha mpishi aliyesimama wima. Kiwiko cha mke wangu, akiwa amevaa kandambili, kilikuwa sentimita 97 kutoka sakafuni. Tulitoa 12, tukapata 85. Kabati lenyewe lilikuwa na kimo cha 72, ubao wa kaunta unene wa 3, ikabaki 10 kwa miguu. Miguu ya plastiki ya makabati haya huzungushwa ikapanda au kushuka. Muuzaji alikuwa amezoea kuiweka kwenye 15. Sentimita tano zile, kwa mtu anayesukuma chapati za futari mwezi mzima, si jambo dogo.

Kisha tulipanga safari ya chakula: kutoka kinapohifadhiwa, kwenda kwenye sinki, kwenye sehemu ya kukatia, mpaka kwenye jiko la gesi. Sinki na jiko la gesi visigusane. Kati yake pawe na nafasi ya kuwekea ubao wa kukatia, angalau sentimita 60. Mbele ya makabati iachwe njia ya mita moja au zaidi, ili mtu akifungua droo mwingine aweze kupita nyuma yake akiwa na sufuria ya moto.

Fedha ilivyogawanywa

Nitaweka hesabu yetu hadharani. Bei hubadilika kwa duka na kwa mwezi. Kitakachokufaa ni mpangilio.

Makabati matano ya chini: 650,000
Makabati mawili ya juu: 170,000
Ubao wa kaunta: 180,000
Sinki na bomba lake: 140,000
Kazi na vifaa vya fundi bomba: 90,000
Ujira wa fundi wa kuunganisha: 150,000
Usafiri: 40,000
Skrubu, silikoni na vitu vidogo: 45,000
Akiba ya dharura: 135,000
Jumla: 1,600,000

Katika bajeti ya kwanza yalikuwemo makabati manne ya juu na kaunta ya bei kubwa zaidi. Tulipoondoa makabati mawili (170,000) na kushuka daraja la kaunta (130,000), tulifikia kiwango cha fedha tuliyokuwa nayo. Mahali pa makabati mawili yaliyokosekana pamebaki ukuta mtupu uliopakwa rangi. Kila mgeni anapauona, na hakuna aliyewahi kukosa chai kwa sababu hiyo.

Msomaji ataona kwamba sinki, bomba na fundi bomba havikupunguzwa. Punguza milango, punguza mapambo, ahirisha makabati ya juu. Usipunguze kwenye maji na gesi. Mbao za kubandika hufa kwa maji. Tone moja linalovuja kila siku chini ya sinki litaivimbisha mbao mpaka ifunuke kama andazi, na katika hewa ya pwani yenye unyevu haitanyooka tena.

Kuhusu gesi, nayasema haya kwa msisitizo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kutuama chini. Mahali bora pa mtungi ni nje, penye kivuli na kizuizi cha wezi. Ukilazimika kuuweka ndani, usiufungie kwenye kabati lisilo na pumzi. Sisi tuliuweka katika kabati la mwisho, karibu na mlango wa nyuma, na fundi akatoboa ukuta chini kabisa, usawa wa sakafu, tundu linalotokea nje. Mtungi usimame wima, mpira usipite nyuma ya moto, na kila unapobadilishwa viungo vipakwe povu la sabuni: likitoa viputo, gesi inavuja, funga mara moja.

Kosa langu la pili

Sasa nije kwenye ukuta. Niliupima mara moja tu, chini, karibu na sakafu. Futi ilisoma sentimita 302. Nikagawa: makabati matano ya sentimita 60 ni 300. Nikafurahi kwamba hata nafasi ya sentimita mbili imebaki. Maboksi yakaja kwa kirikuu siku ya Jumamosi.

Fundi wetu ni kijana mtulivu. Kabla ya kazi tuliandikiana: kazi ni ipi, siku ngapi, ujira kiasi gani, nani ananunua skrubu. Sharti la ujira kujulikana kabla ya kazi limo katika fikihi ya ijara, na linamlinda fundi kama linavyomlinda mwenye nyumba. Tulikubaliana pia kwamba atafanya kazi siku ambazo mimi nipo nyumbani, ili kina mama wasibanwe ndani ya nyumba yao wala yeye asiwekwe katika faragha isiyofaa.

Makabati manne yaliingia vizuri. La tano likakataa. Fundi akachukua futi akapima tena mbele yangu: chini 302, usawa wa kaunta 299, juu 298 na nusu. Lipu ya kona ilikuwa imenenepa kadiri inavyopanda. Kisha akasema kwa adabu: "Katibu, ukuta hupimwa mara tatu."

Kosa hili lilinichoma zaidi kwa sababu Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Daima niliihusisha na wafanyabiashara wa sokoni. Siku ile niliona kwamba mtu anaweza kuipunja nyumba yake mwenyewe kwa uvivu wa kuinua mkono.

Kukata lipu kungevuruga ukuta mzima na waya wa soketi. Boksi la kabati la tano lilikuwa bado halijafunguliwa, nikarudi nalo dukani nikiwa na haya. Muuzaji hakuwa na wajibu wa kulipokea. Lilikuwa zima, na kosa lilikuwa langu. Katika fikihi, muuzaji kukubali kuivunja biashara kwa ajili ya mnunuzi aliyejuta huitwa iqala, nayo ni katika mambo yaliyoahidiwa malipo makubwa: anayemsamehe Muislamu katika biashara, Allah naye humsamehe makosa yake. Sikumtajia hilo, niliona si vizuri kumsomea mtu dalili wakati namwomba. Alilitazama boksi, akanibadilishia na kabati la sentimita 40, akanirudishia tofauti ya bei, shilingi 20,000. Nimemwombea dua mara nyingi.

Makabati sasa yakawa na jumla ya sentimita 280, ikabaki nafasi ya 19 mwishoni. Nilitaka izibwe kwa kipande cha mbao. Mke wangu akasema: "Usiizibe." Masinia yetu makubwa, ambayo hayakuwahi kuwa na mahali, yamesimama hapo wima mpaka leo.

Mpangilio wa kazi yenyewe

Kwa atakayeunganisha mwenyewe au kumsimamia fundi, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, maliza kazi za bomba, umeme, lipu na rangi kabla ya kabati la kwanza kuingia. Weka alama ukutani kwa penseli mahali pa waya na mabomba, usije ukatoboa bomba.

Pili, fungua boksi moja moja. Hesabu vipande na skrubu kwa kufuata karatasi, na weka kila aina ya skrubu katika kikombe chake. Kikikosekana kitu, ni rahisi kudai siku hiyo kuliko baada ya wiki.

Tatu, unganisha juu ya boksi lililotandazwa ili mbao zisichubuke. Kabla ya kukaza, pima kona kwa kona, mara mbili kwa kukatisha. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka. Vikitofautiana, mlango hautafunga vizuri maisha yake yote.

Nne, tafuta sehemu ya sakafu iliyo juu kuliko zote na uanzie hapo, kisha izungushe miguu ya makabati mengine mpaka pima maji ikubali kwa urefu na kwa upana. Yafunge makabati pamoja kwa skrubu, halafu yafunge ukutani.

Tano, makabati ya juu hubeba uzito wa vyombo na yanaweza kumwangukia mtoto. Toboa katika tofali lenyewe, usitegemee lipu, tumia plagi na skrubu ndefu, na acha nafasi ya sentimita 50 hadi 60 juu ya kaunta.

Sita, ukingo wa tundu la sinki upakwe silikoni sehemu yote iliyokatwa, hata isiyoonekana. Kisha fungua maji, tandaza karatasi kavu chini ya viungo, na urudi baada ya saa moja. Karatasi ikilowa, kaza tena.

Saba, milango iwekwe mwisho. Bawaba zake zina skrubu za kuusogeza mlango kushoto na kulia, ndani na nje. Zungusha kidogo kidogo, usilazimishe.

Kazi ilichukua siku tatu badala ya mbili. Kucheleweshwa kwa fundi kulikuwa kosa langu, nikamwongezea 30,000, na ujira wake wote nikamkabidhi jioni ile ile kabla hajaondoka.

Akiba ya dharura ilitumika hivi. Kulikuwa na 135,000, zikaongezeka 20,000 za tofauti ya kabati. Gari la kurudisha boksi lilichukua 25,000, koki ya zamani iliyovunjika ikatugharimu 35,000, na fundi 30,000. Zikabaki 65,000. Kwa 30,000 nilinunua kiti kirefu cha mama. Zilizosalia, 35,000, ziko kwenye bahasha iliyoandikwa "makabati ya juu", na tunaongeza tunapojaaliwa. Kabati kuukuu hatukulitupa. Fundi alilikausha, akalipiga dawa, na sasa linahifadhi vifaa vya bustani uani.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani

Mwezi ulipoandama nilirudi kutoka msikitini baada ya Tarawehe nikawakuta wote watatu jikoni. Mke wangu alikuwa anaandaa daku, mabega yake yameshuka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kirefu, anachambua mchele kwenye kaunta. Binti yetu alikuwa anapanga vikombe, tena bila kuombwa. Mama aliniona mlangoni akasema: "Mwanangu, leo sijashika ukuta."

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu jiko ni mahali ambapo sadaka ya futari huanzia, na ambapo mwenye swaumu huyasimamia matumbo ya wenzake akiwa na njaa yake. Anayeteseka hapo huwa halalamiki, kwa kuwa amezoea. Ukiwa na uwezo wa kununua kabati moja tu, nunua moja, uliweke panapomwondolea mtu kuinama. Ukiwa huna hata hilo, pandisha sinki lako kwa tofali mbili mpaka lifike usawa wa mikono ya anayeosha vyombo. Nayo pia ni katika kuwatendea wema watu wa nyumbani.

Na kabla hujaandika tarakimu yoyote daftarini, waite wanaopika. Wasikilize mpaka mwisho, ndipo uchukue futi.

Wabillahi tawfiq.